Talaka na nyumba: jina kwenye hati halimalizi kesi, na "nusu kwa nusu" haimo kwenye sheria

Karani Mstaafu

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ikisikika ndoa ya mtu maarufu imevunjika, mnagawanyika makambi mawili. Kambi moja: "Hati ina jina langu, abebe begi lake aende kwao." Kambi ya pili: "Sheria ni nusu kwa nusu, hata kama mmekaa miezi sita." Wote mnapotosha, na kuna watu wanayachukua maneno hayo na kwenda nayo mahakamani wakiamini wana silaha. Nimefanya kazi masjala za mahakama mpaka nikastaafu, na majalada ya ndoa ndiyo yaliyokuwa yakirudi rudi kuliko mengine yote. Siku hizi nasoma hukumu TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ziko wazi kwa kila mtu. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki, na Waislamu wa huko wanakwenda kwa Kadhi. Namba za vifungu nitakazotaja ni za Sheria hiyo ya Ndoa, Sura ya 29, toleo la 2019.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayakoroga: kumiliki na kukaa. Kumiliki ni mali ya nani. Kukaa ni nani ana haki ya kulala humo ndani leo, wakati ndoa bado ipo au kesi inaendelea. Unaweza kuwa huna hata tofali moja lenye jina lako na mwenzako asiweze kukutoa. Na unaweza kupewa asilimia nzuri kwenye hukumu na bado ukatakiwa kufungasha virago.

Kwenye kumiliki, ndoa yenyewe haihamishi mali kutoka kwa mtu kwenda kwa mwenzake. Kifungu cha 58 kinasema hivyo. Cha 60 kinaongeza kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, mahakama inaanza kwa kudhani ni ya huyo peke yake. Ikiwa kwa majina yote mawili, inadhani hisa zenu ni sawa. Hapo kambi ya hati inashangilia. Wasichosoma ni kwamba ni dhana tu, na dhana inavunjwa kwa ushahidi. Jina kwenye hati linakuambia nani anaanza kesi akiwa mbele. Halikuambii atamaliza nani.

Talaka ikishatolewa, au mahakama ikiamuru mtengane, ndipo kifungu cha 114 kinapoingia. Mahakama inaweza kugawa mali mlizochuma ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Inapogawa inatakiwa itazame mila za jamii mnayotoka, mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, mali au kazi, madeni ambayo mmoja aliingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kupima hayo, ielekee kwenye usawa. Someni vizuri neno hilo: ielekee. Haikuambiwa ianzie kwenye usawa.

Sasa hukumu ambayo kila wakili anaitaja na wachache wameisoma mpaka mwisho: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Kabla yake majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema mke wa nyumbani aliyepika, aliyefua na kulea alikuwa anatimiza wajibu wa ndoa, basi, hakuna mgao. Wengine walisema kazi hiyo nayo ni mchango. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakaumaliza ubishi: juhudi za pamoja na kazi zinazotajwa kwenye kifungu cha 114 zinajumuisha kazi za nyumbani. Mume anaweza kuinua kuta kwa sababu kuna mtu anayeibeba nyumba nzima mgongoni.

Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata hisa kwenye nyumba ile. Mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia na yeye akazitapanya, kwa hiyo mchango wake wa nyumbani ukaonekana umeshaliwa na hasara aliyoileta. Wanawake wa nchi hii wanalindwa na hukumu yenye jina la mwanamke aliyetoka mahakamani mikono mitupu. Mara ya kwanza kuisoma nilidhani kurasa zimechanganyika.

Nimeitaja kwa kirefu kwa sababu humo mna pande zote mbili: kazi za nyumbani zinahesabika, na kutapanya kunahesabika pia.

Maswali karibuni.

Fundi Saruji

Mzee shikamoo. Mimi kiwanja nilinunua kabla sijaoa, nikaweka msingi na kuta mpaka lenta. Nilipooa ndipo tukapaua, tukapiga plasta, tukaweka madirisha na umeme. Sasa mwenzangu anasema nyumba ni yetu sote. Si yangu hii?

Karani Mstaafu

Marahaba fundi. Kiwanja na lile pagala uliingia nalo kwenye ndoa, ni vyako. Lakini kifungu cha 114(3) kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa ikiwa imeboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa juhudi zenu wote, nayo inaingia kwenye mgawanyo. Neno la kubishania ni "kwa kiasi kikubwa". Kupaka rangi na kubadilisha vitasa hakutoshi. Kulichukua boma lisilo na bati mpaka likawa nyumba ya kuhamia, hakimu hahitaji kuwa fundi kuona kwamba hilo ni kubwa.

Kwa hali yako usitegemee nyumba yote, na yeye asitegemee nusu. Mahakama itataka kujua nyumba ilikuwa na thamani gani siku mnaoana na ina thamani gani leo, na kilichoongezeka kimetoka wapi. Una risiti za wakati ule wa msingi?

Fundi Saruji

Risiti za wapi mzee. Mchanga nilinunua kwa dereva wa lori barabarani.

Karani Mstaafu

Basi una mkataba wa kununua kiwanja uliosainiwa serikali ya mtaa, una tarehe, una mjumbe na majirani waliokuona ukijenga. Tarehe ya mkataba na tarehe ya cheti cha ndoa zikikaa pamoja mezani, nusu ya kazi imeshafanyika.

Mama Junior wa Tegeta

Kaka Karani, asante kwa darasa. Niulize kwa niaba ya wengi: mama wa nyumbani anathibitishaje? Hakuna anayekupa risiti ya kuamka saa kumi alfajiri. Mahakama inasema leta ushahidi wa mchango, nitaleta sufuria?

Karani Mstaafu

Dada, hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Mahakama ya Rufani ilirudia mwaka 2020, katika rufaa iliyosikilizwa Tanga, kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Ukifika mahakamani ukasema tu "tulichuma pamoja" na kukaa chini, umemwachia hakimu akukisie, na kisio hilo likikatiwa rufaa linapukutika.

Ushahidi wa mama wa nyumbani si sufuria, ni maelezo yenye mpangilio. Mlianza kuishi wapi, chumba cha kupanga au kwenu? Mume alikuwa anafanya nini wakati ule, na leo anafanya nini? Watoto walizaliwa lini, nani alikaa nao? Mume aliposafiri kikazi nani aliwasimamia mafundi? Kulikuwa na msichana wa kazi au ulifanya mwenyewe? Mama mkwe alipougua alikaa kwa nani? Mambo haya yanasemwa chini ya kiapo, na shahidi mmoja au wawili wanayaunga mkono. Upande wa pili wasipoyapinga wakati wa kukuhoji, yanasimama.

Nitawapa mfano wa jalada moja ambalo sitalisahau, nikificha kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Mwanamke alikuwa hana ajira. Mume aliapa kwamba nyumba alijenga peke yake kwa mshahara. Yule mama akatoa daftari la shule la kurasa 96, jalada limechanika, limeshonwa kwa uzi. Upande mmoja hesabu za kikoba chake. Upande wa pili, kwa kalamu za rangi tofauti tofauti, aliandika kila siku ya ujenzi: tofali zimeingia ngapi, mifuko ya saruji mingapi imetumika, fundi kachukua kiasi gani, kibarua nani hakufika, maji madumu mangapi na kayanunua kwa nani. Kuna ukurasa una doa la mafuta ya taa. Wakili wa mume akauliza utajuaje kama daftari halikuandikwa jana usiku. Mama akamjibu, "Mwulizeni mwenyewe, zile sahihi za kupokea hela za mafundi pembeni mwa kila ukurasa ni zake."

Mume akakubali sahihi. Baada ya hapo hakuna aliyebishana tena kuhusu nani alisimamia ujenzi, kilichobaki kilikuwa asilimia.

Mbishi wa Kistaarabu

Mkuu nakuheshimu ila hapa unawakatisha tamaa dada zetu. Sheria imesema mahakama ielekee kwenye usawa. Usawa ni nusu. Kenya na katiba yao imesema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Sasa kwa nini sisi tuendelee kuhesabu mifuko ya saruji?

Karani Mstaafu

Ndugu yangu Mbishi, umenipeleka Kenya, twende. Ibara ya 45(3) ya Katiba yao ya 2010 inasema hivyo hivyo ulivyosema. Lakini sheria yao ya mali za wanandoa ya 2013, kifungu cha 7, inasema umiliki unakwenda kwa mchango, na ikaeleza mchango kuwa pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, mpaka kumpa mwenzako ubia wa maisha. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu mwaka 2007, kwenye kesi ya Echaria, Mahakama yao ya Rufani ilikuwa imewabana wake ambao mchango wao haukuwa wa fedha.

Halafu tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaulizwa swali lako hilo hilo: je, haki sawa maana yake ni nusu kwa nusu? Ikajibu hapana. Ibara ile inampa kila mmoja nafasi sawa ya kusikilizwa na kuthibitisha, haimhamishii mtu nusu ya mali kwa sababu tu aliolewa au alioa. Cha kuchekesha, kwenye kesi ile yenyewe mgao wa nusu kwa nusu ulibaki pale pale, kwa sababu ushahidi wa mke uliufikisha hapo. Waliosoma kichwa cha habari tu wakatangaza kwamba wanawake wa Kenya wamenyang'anywa.

Uganda nao, Mahakama ya Juu, 2013, kesi ya Rwabinumi: ndoa peke yake haifanyi kila mali kuwa ya wote, ila mchango hata usio wa moja kwa moja unahesabiwa. Nchi tatu, sheria tatu tofauti, na zote zimefika mlango mmoja.

Wala sikatishi tamaa. Nusu inapatikana, tena mara nyingi, hasa ndoa ikiwa ndefu na wote wamejituma. Ninachokataa ni kumwambia mtu aende mahakamani akadai nusu kama anayedai chenji.

Mtoto wa Kanda

Na aliyechepuka? Nimemfumania, ninao ushahidi wa meseji. Si anapoteza kila kitu?

Karani Mstaafu

Mkuu pole. Ugoni unaweza kukusaidia kuthibitisha ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kifungu cha 107. Lakini ukirudi kwenye orodha ya 114, hakuna mahali palipoandikwa uaminifu wa kitandani. Mahakama inagawa jasho, haitoi adhabu. Kinachoweza kumuumiza ni akiwa amechukua fedha za familia akamjengea huyo mchepuko wake. Hapo hatuzungumzii tena mapenzi, tunazungumzia kutapanya, na ukamkumbuke Bi Hawa. Leta taarifa za benki na miamala ya simu. Meseji za mapenzi ziache, utamchosha hakimu.

Mama Junior wa Tegeta

Mtoto wa Kanda 😂 pole kaka yangu.

Kaka Karani, jirani yangu yamemkuta. Karudi kutoka msibani mkoani akakuta mume kabadilisha kitasa, vyombo vyake viko kwa jirani, na dalali anazungusha watu kwenye nyumba. Kesi ya talaka hata haijafunguliwa. Afanye nini?

Karani Mstaafu

Hilo ni suala la kukaa, na sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani.

Kifungu cha 59: nyumba ya ndoa, yaani mnamoishi pamoja kwa kawaida, hata ikiwa ya mmoja wenu peke yake, mwenye nayo haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, muda wote ndoa inapokuwepo. Akiiuza kwa mtu anayejua, au ambaye angejua kama angeulizia ipasavyo, mnunuzi anaipokea pamoja na huyo mke au mume ndani yake. Haki ya kukaa inaendelea mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iseme vinginevyo. Angalieni: ni nyumba ya kuishi. Zile fremu na vyumba vya kupangisha si nyumba ya ndoa kwa maana hii, japo zinaweza kuwa mali ya kugawana baadaye.

Jirani yako leo hii, si wiki ijayo, afanye hivi. Kama nyumba ina hatimiliki, aende kwa Msajili wa Hati kanda yake aweke zuio, watu wa ardhi wanaliita kaveti. Kifungu cha 59 kinamtambua kuwa ana maslahi yanayoweza kulindwa namna hiyo. Kama haina hati, aandike barua serikali ya mtaa, mwenyekiti aipokee na kugonga muhuri kwenye nakala yake, kwa sababu mauziano ya mitaani yanapita pale. Na huyo dalali apewe nakala mkononi mbele ya shahidi. Mnunuzi akija kusema "sikujua", nakala ile itamjibu.

Kisha mahakamani, kuomba zuio la muda wakati shauri linasubiri. Vigezo ni vya tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, 1969: kuna hoja ya msingi ya kusikilizwa, atapata madhara yasiyofidika kwa fedha, na akinyimwa ataumia zaidi kuliko mwenzake akibanwa. Nyumba anayolala na watoto inatimiza vigezo hivyo kuliko mali nyingine yoyote.

Asikubali kuambiwa aende Baraza la Ardhi kwanza. Ugomvi wa mume na mke juu ya nyumba yao ya ndoa mahali pake ni mahakama yenye mamlaka ya ndoa, na Mahakama ya Mwanzo ni mojawapo.

Afisa Mikopo

Naongezea kwa upande wa mabenki. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114 (namba imefanana tu na ile ya ndoa), rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila mwenza kusaini au kuonesha ameridhia. Ndiyo maana tunadai hati ya kiapo, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchukua hatua za kutosha kujua kama mkopaji ana mke au mume. Tatizo tunaletewa viapo vya "sijaoa" na watu wenye pete ya ndoa kidoleni. Kudanganya kwenye kiapo hicho ni kosa la jinai. Wengine wanaleta mke wa kukodi asaini. Nimeona kwa macho yangu mwanamama "mke" asiyejua jina la katikati la mumewe.

Karani Mstaafu

Ahsante Afisa. Na wale wenye mashamba, kuna kifungu cha 161 cha hiyo hiyo Sheria ya Ardhi: ardhi ikiwa kwa jina la mmoja lakini mwenzake amechangia kwa nguvu zake kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza, anahesabika amepata maslahi humo. Mke anayelima kahawa ya mume kila msimu si kibarua. Nashangaa mawakili wengi wa mjini hawakitumii.

Sogea Tuishi

Sisi ambao hatukufunga ndoa vipi? Tumekaa pamoja tangu chuo, tuna watoto, tuna kibanda chetu. Ndugu zake wananiambia mimi hawara sina changu.

Karani Mstaafu

Wewe dada una kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa. Mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, sheria inadhania mmeoana. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa, mfano ikionekana mmoja alikuwa na ndoa ya Kikristo iliyo hai. Lakini hata ikivunjwa, kifungu kidogo cha pili kinaruhusu mahakama kutoa matunzo na nafuu nyingine, na Mahakama ya Rufani ilishakubali tangu miaka ya 1990, kwenye kesi ya Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, kwamba mgawanyo wa mali mliyochuma pamoja ni mojawapo ya nafuu hizo. Waambie hao mawifi wasome.

Fundi Saruji

Mzee nirudi tena. Wengine wajanja, kiwanja wanaandikisha jina la mama mzazi au la mtoto ili kikitokea cha kutokea mke asipate. Hiyo inakaaje?

Karani Mstaafu

Unauliza kwa ajili ya "wengine" eh. Haya.

Mama mzazi si mwanandoa, na mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu ambaye hajasikilizwa. Kwa hiyo anayedai kwamba kiwanja ni chao kweli, jina la huyo bibi (mama wa mume) limewekwa kufunika tu, lazima alithibitishe hilo, na huyo bibi apate nafasi ya kusema. Fedha ilitoka akaunti gani? Nani alikwenda kukiona kiwanja? Nani anakusanya kodi ya wapangaji? Bibi aliye kijijini asiyeijua hata barabara ya kufika kwenye "nyumba yake" anavunjika kwa maswali matatu.

Ila kuna upande wa pili wenye kuuma, na huu nimeushuhudia zaidi. Mtu anajenga kwenye kiwanja cha ukoo kwa jasho lake na la mkewe, ndoa inavunjika, mke anadai nyumba, baba mkwe anaibuka na kusema ardhi ni yake. Na ni kweli ni yake. Hapo mke anabaki kudai thamani ya alichochangia, ardhi haiguswi. Na wewe fundi ukijificha kwenye jina la mama yako, jiandae: akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi na dada zako wote wana fungu.

Jina la mtoto nalo lina matatizo yake. Watu wanadhani talaka inagawia na watoto. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinataja mahitaji ya watoto kama jambo la kuzingatia, hakiwafanyi wagawiwa. Haki yao ya matunzo ina vifungu vyake.

Mke wa Pili Mkweli

Kuna anayejali mke wa pili? Niliingia nikakuta nyumba kubwa imeshajengwa, mke mkubwa yumo. Sisi tulijenga ndogo pamoja.

Karani Mstaafu

Hesabu yako inaanza siku uliyoingia. Nyumba kubwa iliyochumwa kabla yako ni jasho la mume na mke mkubwa, huwezi kuidai, labda kama umeiboresha kwa kiasi kikubwa. Ndogo mliyojenga nyie wawili, mchango wako upo humo. Jambo la kumwambia hakimu mapema ni kwamba mke mwenzio yupo, kwa sababu akigawa bila kujua, mwenzio atakuja na pingamizi wakati wa kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, na mtaanza upya.

Mbishi wa Kistaarabu

Nakubali yaishe kuhusu nusu kwa nusu 😄. Swali la mwisho: hukumu ikisema mke asilimia 40, mume 60, nyumba ni moja, wanaikataje?

Karani Mstaafu

Hawaikati. Mthamini wa serikali au aliyesajiliwa anaithamini, kisha mmoja anamlipa mwenzake hisa yake na kubaki na nyumba. Asiyeweza kulipa, inauzwa kwa amri ya mahakama, wanagawana fedha. Ugomvi wa pili huanzia hapo, kwa sababu aliye ndani hana haraka. Haki ya kukaa ya kifungu cha 59 imekwisha pamoja na ndoa, lakini aliye nje naye haruhusiwi kwenda na mabaunsa. Anaomba kukaza hukumu, dalali wa mahakama anakwenda na amri.

Na kabla hamjafika huko: msifungue talaka bila kupita Baraza la usuluhishi wa ndoa na kupata ile fomu namba 3 inayosema usuluhishi umeshindikana, kifungu cha 101. Kuna misamaha michache. Mahakama ya Rufani, Mtwara, 2020, ilifuta mwenendo mzima wa kesi kwa sababu ya hati ya Baraza isiyo halali. Talaka ikafutika, na mgawanyo wa mali ukaenda nayo. Watu walikuwa wameshapanda ngazi zote za mahakama.

Mama Junior wa Tegeta

Jirani kapeleka barua serikali ya mtaa leo asubuhi, mwenyekiti kagonga muhuri. Dalali kaitupa nakala yake chini.

Karani Mstaafu

Shahidi alikuwepo?

Mama Junior wa Tegeta

Nilikuwepo mimi na balozi wa nyumba kumi.

Karani Mstaafu

Andikeni tarehe na saa, wote wawili msaini. Kesho aende mahakamani na cheti cha ndoa. Kama cheti kimefungiwa ndani, aende kanisani au msikitini alikofungia ndoa, au RITA, wakala wa serikali wa usajili, apate nakala. Akishapata namba ya shauri niandikie, nitamwelekeza dirisha la maombi ya dharura.

Fundi Saruji

Mzee, sijauliza kwa ajili yangu kweli.

Karani Mstaafu

Sawa fundi.